KONA YA MASOMO: Amesoma, lakini ameelewa?

Mwezi huu tunaongelea watoto wanaosoma haraka kama redio, lakini ukiwauliza walichosoma wananyamaza.

Si uvivu. Nyumbani wengi wetu tunasema Kiswahili. Hapa Bujumbura, ukienda Buyenzi utakisikia kila kona. Lakini darasani mtoto anakuta Kirundi miaka minne ya kwanza, halafu kuanzia mwaka wa 5 ni Kifaransa. Anajua kutamka, maana inabaki kitabuni. Na mwaka wa 9 kuna mtihani wa taifa. Hata hesabu huja kwa maneno: anayejua kuzidisha vizuri anakosa, kwa sababu swali hakulielewa.

Fanyeni hivi jioni, hata mama asiyejua kusoma anaweza. Mtoto asome mistari michache, afunge kitabu, asimulie kwa Kiswahili. Akikwama arudie mistari ile, msimpige. Halafu mwulizeni kitu kisichoandikwa. Mfano: "Mvuvi alirudi asubuhi, ndoo tupu. Mke wake akazima moto." Kwa nini aliuzima? Kitabu hakisemi. Akijibu "hakuna ndagala za kupika", huyo ameelewa. Akijibu "mvuvi alirudi", amekariri tu.

Neno gumu asikimbilie kuliuliza. Asome kwanza mpaka mwisho wa sentensi, mara nyingi maana iko palepale.

Wasio na kitabu walete kaye Jumamosi saa nane mchana, tutawaandikia hadithi fupi.