KONA YA USUKANI: Asubuhi linazunguka tu, haliwaki!

Wiki hii naomba nikupeleke mtaani kwetu Sinza, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Majogoo bado yanawika na mimi nimeshaamshwa. Na nani? Na stata ya jirani. Nyi-nyi-nyi-nyi! Kimya. Nyi-nyi-nyi-nyi! Kimya tena. Mara ya tano ndipo injini inakohoa, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, halafu inawaka. Ikishawaka hivyo, mchana kutwa hakuna noma. Unaizima sokoni, unawasha, fasta. Kesho alfajiri, nyi-nyi-nyi.

Jirani mwenyewe ni kijana wa watu, kajinunulia Toyota iliyotumika kwa vijihela vya kudunduliza. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Jioni moja akamwuliza mbele yangu, "Hivi mume wangu, uchungu ukinishika alfajiri, hili gari lako litaniwahisha au tuanze kutafuta teksi?" Jamaa akacheka, lakini kile kilikuwa kicheko cha mtu asiye na jibu.

Kesho yake akaenda gereji ya chini ya mwembe. Fundi hakuuliza gari linasumbua saa ngapi wala vipi. "Bosi, hapo stata imekufa." Ikang'olewa, ikafungwa nyingine ya mtumba. Asubuhi, nyi-nyi-nyi. "Basi ni betri hiyo." Ikanunuliwa betri mpya. Asubuhi, nyi-nyi-nyi, tena kwa mbio zaidi, na haliwaki! Hela ya kitanda cha mtoto ikawa imeishia palepale. Na ile stata ya kwanza, ambayo ilikuwa nzima kabisa, sijui leo inamzungushia nani injini.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa. Kuzunguka ni kazi ya betri na stata. Kuwaka ni kazi ya petroli, hewa na moto wa plagi. Gari linalozunguka kwa kasi yake ya kila siku limeshakwambia lenyewe kwamba betri na stata hazina kosa. Likizunguka kichovu na taa za dashibodi zikafifia, hapo sawa, angalia betri, na anza na vichwa vyake kama vimeota ungaunga. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika hupima kama volti 12.6.

Kwa nini asubuhi tu? Kwa sababu injini iliyolala usiku kucha ni baridi, hata kama wewe Dar unatoka jasho. Kwenye injini baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo inahitaji kuongezewa kidogo mpaka ipate joto. Enzi za kabureta dereva alivuta choki. Gari la injeksheni halina choki ya kuvuta, kazi hiyo inafanywa na kontroli boksi, nayo inaiuliza sensa ya joto la maji ya injini. Sensa ikidanganya kwamba injini ni ya moto, petroli ya ziada haitoki. Utazungusha mpaka majirani wakuchukie.

Kabla hujatoa hata senti, jaribu haya gari likiwa baridi.

Moja: geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Hesabu sekunde 3, zima. Rudia mara tatu, halafu piga. Likiwaka chapchap, mshukiwa ni presha ya petroli inayovuja usiku, kwenye vali ya pampu au nozo inayodondosha. Ila yapo magari ambayo pampu haifanyi kazi mpaka stata ipigwe. Kwa hayo jaribio hili halisemi kitu.

Mbili: piga stata huku umekanyaga mafuta kidogo sana. Likikubali, huenda linakosa hewa. Mwambie fundi asafishe masizi kwenye mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli ya mafuta.

Tatu: likikataa kuwaka, plagi moja ifunguliwe. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, ama moto ni hafifu ama petroli imezidi.

Nne: tafuta fundi mwenye mashine ya kupimia. Kabla ya kuwasha asubuhi, asome joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Gari lililolala usiku kucha, namba hizo mbili lazima zikaribiane.

La jirani yangu lilisoma hewa nyuzi 26, maji nyuzi 80. Injini imelala saa tisa nzima! Mwongo akawa ameshikwa. Sensa mpya iligharimu chini ya ile betri ambayo haikuhitajika.

Wenzangu wa dizeli, hasa mlioko Njombe na Mbeya, gari lenu halina plagi za moto, lina plagi za kupashia joto. Subirini ile taa yake izime ndipo mpige. Mkisubiri na bado linasumbua, zipimwe hizo kwanza.

Na wote: usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, ipumzishe nusu dakika. Usikubali mtu amwage petroli kwenye njia ya hewa, utateketea na gari lako. Na kifaa kikibadilishwa, dai kile cha zamani mkononi mwako. Ukikuta ni kizima, utakirudisha.

Mama kijacho? Uchungu ulimshika saa tisa usiku. Mimi nilisikia nyi moja tu, injini ikanguruma, taa zikamulika ukuta wangu, wakaondoka. Ni mtoto wa kike. Kitanda bado kinadundulizwa.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Endesha polepole.