Shem, Usikitupe Hicho Kigari!

Mwezi huu naongea hasa na nyie mlioko Uingereza, maana huko baba anaweza kurudi Jumapili kutoka mnadani na kigari cha mtoto kilichojaa kutu, kimekula hela ya kodi ya nyumba, na ugomvi ukaanzia mlangoni. Shem, kabla hujakitupa nje, kikague kwanza.

Kama ni Austin J40, hicho si cha mchezo ati! Vilitengenezwa kuanzia 1949 hadi 1971 kiwandani Bargoed, kusini mwa Wales, zaidi ya 32,000. Mafundi wake walikuwa wachimba makaa ya mawe walioharibiwa mapafu na vumbi la mgodini, kazi nzito wameshindwa, wakapewa hii. Chuma kilitokana na mabaki ya kiwanda cha magari cha Austin kule Longbridge. Mimi hapo tu nakivulia kofia.

Utakijuaje? Urefu ni kama mita 1.6, kinakwenda kwa pedali. Fungua boneti, utakuta injini ya bandia yenye plagi zake. Buti inafunguka, taa za mbele zinawaka kwa betri, honi inalia, matairi ni ya kujaza upepo. Halafu chukua sumaku upitishe kwenye bodi. Isiponata, hiyo ni fibaglasi, au kutu imezibwa kwa puti, na bei inaporomoka hapo hapo.

Tangu 2012 watoto wanashindana na J40 kwenye tamasha la Goodwood, na wanaovitaka hawajapungua. Kilichokarabatiwa vizuri mnadani kinafika maelfu ya pauni. Kibovu ni kidogo sana, hasa kikikosa taa, nembo na vifuniko vya magurudumu, maana vipuri vya asili ni ghali. Na tafadhali, msikimbilie kupaka rangi mpya: wapo wanunuzi wanaolipia ile ile ya zamani, hata ikiwa imechakaa.

Kwa hiyo pigeni picha kila upande, hata chini, mpeleke kwa wapiga mnada wakadirie. Angalieni bei vilivyouzwa, siyo bei watu wanazoomba. Baba akigoma kuuza, sawa, ila arudishe hela ya kodi kwanza, na kigari kilale gereji, siyo sebuleni.