Liyongo Hakuchorwa, Lakini Tunamwona

Wanafunzi huniuliza kwa nini Waswahili hawakuchora ngano zao kama walivyofanya Wazungu. Mrusi Viktor Vasnetsov alimchora mwanamfalme Ivan juu ya mbwa mwitu mwaka 1889. Mwingereza Edward Burne-Jones akakamilisha mwaka 1890 picha zake za binti mfalme aliyelala miaka mia. Sisi je?

Wapo wanaojibu kwamba dini ilizuia sanamu. Silikatai jibu hilo, ila halitoshi. Fundi wa Lamu hakupungukiwa na mkono. Zitazameni zidaka za nyumba za mawe za karne ya 18, na milango ya nakshi: maua na majani yamesokotana, binadamu hayumo. Binadamu aliachiwa mshairi.

Pengine fundi na mshairi walikuwa mtu mmoja. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mchonga milango na mwandishi hodari wa hati, ndiye anayehesabiwa mtunzi wa Utendi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913. Humo shujaa anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na mfalme wa Pate. Anainuka, anashika uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale, na katika hali hiyo anakata roho. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani kakasirika. Hakuna athubutuye kuteka maji. Mamaye anakuja kumbembeleza. Maiti inapoanguka ndipo wanapojua.

Nani atasema hiyo si picha? Tena ni picha ambayo rangi ingetatizika nayo: mchoraji angemwonyesha Liyongo hai, au mfu? Akionyesha kifo, hofu ya mji inakuwa upuuzi. Akikificha, mtazamaji hajui tujualo sisi. Maneno yanabeba yote mawili kwa pamoja.

Kinachonikera ni jinsi tunavyoipitia sehemu hii madarasani. Maudhui yanaorodheshwa, usaliti, tamaa, ushujaa, kisha mwanafunzi anaandika “Liyongo anakufa” na kufunga daftari. (Mtihani hauombi zaidi.) Kisima kimepotea, na goti, na wale wenye kiu wasiosogea.

Naomba walimu wajaribu jambo moja. Someni beti hizo kwa sauti, kwa Kiamu chake, kisha wanafunzi wachore wanachokiona. Wengine watamfumbua Liyongo macho, wengine watayafumba. Wakianza kubishana, warudisheni kwenye utendi wakautafute ubeti unaowaunga mkono.