Hadi Afe Ndipo Tumshike?

Kuna imani imeota mizizi hapa Tabora: mwanamume wa kweli hashikwi. Akifiwa huambiwa jikaze kiume, akiugua huachiwa dada zake. Wanaoishikilia wanadai ndiyo desturi tuliyoachiwa na wazee. Huo ni uzushi, na njia ya misafara iliyoukuza mji huu inawaumbua.

Tuanze Kwihara, nje kidogo ya mji. Oktoba 1873 kina Susi na Chuma, wahudumu wa mpelelezi Livingstone, walipita pale na maiti yake, waliyoikausha kwa chumvi na jua. Mwingereza Cameron akawashauri wamzike huku huku. Wakakataa, na Februari 1874 wakamfikisha Bagamoyo. Hayo tulifundishwa shuleni. Kisichosemwa sana ni kwamba alipokuwa bado hai, akivuja damu na kushindwa kutembea, watu hao hao walimvusha mabwawa ya Bangweulu mabegani mwao, wakipokezana huku maji yakiwafika kifuani. Nani atasema hawakuwa wanaume?

Kama habari za Wazungu zinakuchosha, tuje kwa Kadiriya, tarika iliyopanda kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji kwa njia hiyo hiyo. Murid, yaani mfuasi wa tarika, haandikishwi kwa fomu, hupewa mkono. Hukaa mbele ya sheikh, kiganja ndani ya kiganja, na ahadi inatolewa hivyo. Ukija kwenye zikri, wanaume husimama wameshikana, wanainama na kuinuka kwa pumzi moja, na anayelegea hushikiliwa na wa kulia na wa kushoto wake. Asiyetaka kuguswa hana pa kusimama. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa pwani utumwani akiwa mtoto, kutoka Kongo ya mashariki. (Njia hii ilijua pia mikono ya minyororo na viboko, nisije nikaipamba bure.) Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa khalifa wa tarika hiyo Bagamoyo, na mpaka anafariki mwaka 1931 watu walikuwa wakienda kuupokea mkono wake.

Hata Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi ambaye hakuna atakayethubutu kumwita legelege, mwaka 1876 aliketi uso kwa uso na mpelelezi Stanley, wakachanjwa miguu na damu zao zikachanganywa. Ilikuwa siasa tupu, nakubali. Ila mwanasiasa hodari hutumia kile ambacho watu wake tayari wanakiheshimu.

Watasema zama zimebadilika, kwamba leo wanaume wawili wakishikana mikono barabarani watu hukonyezana. Wanakonyezana, kweli. Lakini pita asubuhi kwenye baraza za kahawa. Mzee mmoja anamwamkia mwenzake, na mkono hauachiwi mpaka habari za nyumbani, za mahindi na za mvua ziishe zote, na hakuna anayewashangaa. Aibu hii ni yetu sisi tuliokuja nyuma. Tumeiokota kwenye filamu na simu, kisha tukaibatiza jina la mila. Imamu anahimiza safu zikazwe, bega kwa bega. Alhamisi Kuu padri anapiga magoti, anaosha miguu ya waumini wake na kuikausha kwa taulo. Tunatoka nje tukiwa tumeguswa na kubarikiwa, halafu pale pale mlangoni tunaanza kuhubiriana ukakamavu.

Unafiki wenyewe uko msibani. Mwanamume akifa, wanaume wenzake ndio humwosha, kiungo kwa kiungo, kwa maji ya vuguvugu na kafuri, kwa upole ambao marehemu hakuuonja tangu aliposhuka mgongoni mwa mama yake. Kisha jeneza linagombewa, kila mmoja anataka walau hatua chache begani mwake, maana ni thawabu. Ni thawabu, sibishi. Lakini siku mbili kabla, wodini, mikono ile ile ilikuwa mifukoni. Walisimama miguuni pa kitanda, wakazungumzia Simba na Yanga, wakasukumia noti chini ya mto na kuaga. Aliyemgeuza ubavu ni dada yake, peke yake, na mgonjwa ana kilo tisini. Kumzuru mgonjwa nako ni thawabu, tena huyu bado anaweza kukushika na yeye.