Damu Katika Mazulia ya Mabehewa

Ndugu wafanyakazi, sisi tusafishao mabehewa twajua: abiria akitokwa na damu juu ya zulia, twapewa ndoo, brashi na sabuni, basi. Glavu hakuna. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kudumu siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka, na zulia hunyonya damu mpaka chini kusikoonekana. Kulisugua ni kujirushia matone usoni. Heri kipande kile kikatwe, kichomwe. Bwana mkubwa atalia bei ya zulia! Sheria ya usalama kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga. Twadai glavu, miwani na chanjo, dozi zote 3, kabla hatujashika brashi tena.