Mamajusi Watakuta Zizi Limepakiwa Kirikuu

Na Shangazi Manka

Viti vya msibani tunakodi. Turubai tunakodi, masufuria ya pilau tunakodi, na harusi za siku hizi hata keki ni ya kukodi: boksi limepakwa sukari kwa nje, maharusi wanalishana kipande kilichofichwa pembeni. Lakini Mtoto Yesu wa kukodi sikuwahi kumwona mpaka wiki hii, Goba, nyumbani kwa mwanangu, mtoto wa marehemu kaka yangu.

Krismasi hii yeye na familia yake hawakupanda Moshi kwangu. Nauli, walisema. Basi nikateremka mimi na ndizi zangu. Sebuleni nikakuta mti unagusa dari, mipira ya dhahabu yote saizi moja, na chini yake pango la Bethlehemu lenye ng'ombe mnono kuliko wa kwangu. Nikasifu. Mkwe akazipokea sifa, akanyamaza.

Tarehe 27 Desemba, chai haijapoa, kirikuu ikapiga honi getini. Wakashuka vijana wawili na daftari. Wakahesabu mipira, wakamtia Yosefu kwenye kiroba kichwa chini, kisha wakadai faini ya kondoo aliyevunjika sikio. Mjukuu wangu akauliza, "Bibi, wanampeleka wapi mtoto?" Nikamtazama mkwe. Naye, macho kwenye simu: "Kesho wana harusi, Shangazi, wanataka vitu vyao."

Kwa kalenda ya Kanisa, Epifania ni tarehe 6 Januari. Mamajusi bado wako njiani na dhahabu, uvumba na manemane yao. Wakifika Goba watapokewa na vumbi la kirikuu.

Mimi nimekulia Kibosho, kwenye nyumba yenye boksi la Krismasi uvunguni mwa kitanda cha mama. Kupamba kulikuwa kazi ya dakika chache. Kufungasha ndiko kulikotumaliza jioni nzima, maana kila kitu kilikuwa na mwenyewe na kisa chake. Nyota tuliikata mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka karatasi za fedha za pakiti za sigara za baba, enzi ambazo rafu za maduka ya RTC zilikuwa tupu na sabuni ilipangiwa foleni. Kulikuwa na kadi alizotuma kaka akiwa JKT, zenye mwandiko wa kukimbilia basi la posta. Na kulikuwa na kondoo wa udongo mwenye miguu mitatu, aliyemfinyanga kaka huyo huyo akiwa mdogo. Mama alimviringisha kwenye ukurasa wa gazeti la Uhuru wa mwaka 1979, na hakuna aliyeruhusiwa kuubadilisha. Kwa hiyo kila Januari tulisoma upya kwamba Amin amekimbia, na baba akashangilia upya.

Sababu ya upuuzi huu wa kukodi ni simu. Mti unapambwa upigwe picha. Picha ikishapanda status, mti hauna kazi tena. Msiniambie nyumba za mjini hazina nafasi. Nyumba ile ina chumba kizima cha viatu!

Nilichokasirikia zaidi ni faini. Mwanangu alitoa pochi akalipia sikio la kondoo wa mtu asiyemjua, wakati kondoo wa baba yake mzazi yuko kwangu, bure, na hajawahi kumwulizia. Nilimwambia hivyo mbele ya wale vijana. Akacheka. Wao hawakucheka, mmoja aliniuliza kama namkodisha.

Wazazi wenzangu, nunueni hata taa moja, hata nyota moja ya karatasi, muihifadhi uvunguni iwe ya kwenu. Na nyie wa Goba, mwakani mkitafuta na bibi wa kukodi wa kukaa karibu na mti, msinipigie. Faini ya kunivunja mimi hamtaiweza.