Simu Isile Karafuu Zetu



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lisilohusu miche wala mbolea, lakini ambalo latoa karafuu majumbani mwetu kimya kimya, mwaka mzima, msimu uwepo au usiwepo. Jambo lenyewe ni simu ya mkononi na gharama zake za kila siku.

Hatusemi kuwa simu ni kitu kibaya. Mtu akisema hivyo leo atachekwa, na atastahili kuchekwa. Kwa simu twawalipa wachumaji pasipo kufunga safari, twaulizia hali ya mgonjwa, na watoto wetu walio masomoni watufikia kwa dakika moja. Tusemalo ni hili: simu ni chombo cha kazi, kama lilivyo jamvi na ilivyo pishi, na chombo hununuliwa kwa kadiri ya kazi yake. Hakuna mkulima mwenye akili anunuaye majamvi ishirini kuanikia karafuu za mikarafuu mitatu. Lakini katika simu wengi wetu twafanya hivyo hasa, wala hatuoni.

Hatuoni kwa sababu gharama ya simu haiji kwa pamoja. Fedha ya mbolea hutoka siku moja, ikamuuma mtu, akaiandika. Fedha ya simu hutoka leo shilingi 500, kesho 1,000, na haimuumi mtu hata siku moja. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Gogo hilo ndilo shamba letu.

Na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tumchukue mtu anunuaye kifurushi cha siku cha shilingi 1,000 kila kukicha. Kwa siku 365 ametoa shilingi 365,000. Tuseme kilo moja ya karafuu kavu yauzwa shilingi 15,000. Basi fedha zile ni zaidi ya kilo 24 za karafuu kavu. Na kila mmoja wetu ajua kuwa karafuu ikikauka hubaki kama theluthi moja ya uzito wake. Kwa hiyo kilo 24 kavu zilikuwa kilo 72 mbichi, zilizochumwa juu ya mti, zikachambuliwa makonyo usiku, zikaanikwa na kuanuliwa kila wingu lilipotanda. Ukikadiria kilo 3 kavu kwa mkarafuu mmoja kwa mwaka, basi mikarafuu minane katika shamba la mtu huyo haimtumikii yeye wala watoto wake. Yaitumikia simu. Na nyumba yenye simu tatu za namna hiyo imekwisha toa mikarafuu 24.

Bei hizo tumezitumia kwa mfano tu. Kila mwanachama aweke bei aliyouzia yeye, na fedha anayotoa yeye, kisha agawanye. Jibu atakalopata ni lake, wala hana haja ya kutuonyesha sisi.

Tumepata kuliona jambo hili kwa wengine pia, na aghalabu la mwenzio huonekana wazi kuliko la nyumbani kwako. Mwaka huu tulikwenda kuwatembelea wakulima wenzetu wa Amani. Amani iko katika milima ya Usambara ya Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, ng'ambo tu ya bahari kutoka kwetu. Wengine huichanganya na Lushoto, ambayo iko katika Usambara ya Magharibi, mbali na hapo. Wenzetu hao walima karafuu kama sisi, pamoja na iliki, mdalasini na pilipili manga. Barabara yao kutoka Muheza yapanda kwa mizunguko mingi, na mtandao wa simu huja na kupotea kwa kadiri mlima unavyokaa.

Iko tofauti moja kubwa baina yetu na wao. Sisi visiwani karafuu zetu hununuliwa na Shirika la ZSTC kwa bei iliyotangazwa, na bei ya Wete ndiyo ya Mkoani. Wao huuza kwa wachuuzi wapandao milimani, na bei ya leo si ya kesho. Kwa mkulima wa Amani, basi, simu ni kama mizani ya pili. Apiga simu moja Muheza au Tanga, ajua bei ya mjini, na mchuuzi akifika mlangoni hawezi kumdanganya.

Lakini tuliuliza: kazi hiyo yahitaji simu gani? Wazee wawili watatu walitutolea mifukoni vitochi vyao, simu ndogo za vibonye ambazo betri yake hukaa siku kadhaa. Kwa vitochi hivyo huuliza bei, hupokea fedha, na usiku huwamulikia njia. Hawana kifurushi cha intaneti. Hununua dakika chache panapokuwa na haja, basi. Mizani yao yapima sawasawa.

Kisha tulisikia habari za wengine, na habari hizi ndizo zilizotufanya tushike kalamu. Hao waliipata simu janja kwa mkopo: watoa kidogo mwanzo, kisha walipa kila siku kwa muda mrefu, na wasipolipa simu hufungwa isitumike. Siku za kulipa hazingojei msimu. Iliki bado changa, karafuu bado hazijafunga, na simu imefungwa. Mtu huyo akaenda kwa mchuuzi, akachukua fedha kwa ahadi ya mavuno. Mavuno yalipofika, mchuuzi ndiye aliyepanga bei. Tazameni jambo hili, ndugu zetu. Simu ilinunuliwa ili mkulima aijue bei. Nayo ikamwondolea uwezo wa kuikataa bei.

Wala tusiwacheke watu wa Amani. Hapa kwetu mtu hukodisha mikarafuu yake kabla ya kuchumwa, akapewa fedha kidogo mkononi, na mwenye kukodi akavuna zote. Zamani ilikuwa kwa ajili ya maradhi, au harusi, au paa la nyumba. Sasa twaona wengine wakodisha kwa ajili ya simu ya kijana. Maradhi hayana hiari. Simu ina hiari. Na mikarafuu ikisha kodishwa, bei ya Shirika ikipanda, furaha ni ya mtu mwingine.

Amani hiyo hiyo ina fundisho jingine lifaalo hapa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, na wakaleta mimea mingi kutoka nchi za mbali ili waijaribu. Haikupewa mimea hiyo kila mkulima siku ile ile. Ilipandwa kwanza katika vitalu na vishamba vya majaribio, ikatazamwa kama itaota na italeta faida gani. Hata hivyo wako walioponyoka. Mti mmoja wa kigeni, kwa jina la kitaalamu Maesopsis eminii, ulipendwa kwa kukua upesi na kutoa mbao. Kumbe ndege hondohondo wala matunda yake na kuzitawanya mbegu, ukaingia katika msitu wa asili pasipo kupandwa na mtu, hasa pale palipokwisha katwa miti. Leo wenye kuutunza msitu wahangaika nao. Mti wenyewe haukuwa mbaya. Uliota mahali ambapo haukutakiwa. Hivyo ndivyo tuionavyo simu janja. Katika kazi yake ni mti wa faida. Ikiachwa ijiotee yenyewe, huingia katika fedha ya ada, ya mbolea na ya chakula.

Najua wako watakaosema: "Chama chataka kuturudisha nyuma, na wenyewe viongozi wana simu kubwa." Sivyo. Simu janja ina kazi zake za haki. Kwayo mtu aweza kusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutandaza karafuu, na siku moja ya mvua isiyotarajiwa yatosha kuharibu gunia zima. Kwayo aweza kumpelekea bwana shamba picha ya mkarafuu unaokauka, akapata shauri pasipo kungoja wiki mbili. Kwayo mtoto wa sekondari aweza kusoma. Kazi hizo twazikubali zote. Lakini hazihitaji simu kumi katika mtaa mmoja. Na utabiri huo huo husomwa redioni, na redio haina kifurushi.

Wako pia watakaosema: "Mwatwambia tununue kifurushi cha mwezi kwa kuwa ni nafuu, nasi hatuna fedha ya mwezi kwa mara moja." Neno hili ni la kweli, na ndilo kiini cha jambo. Aghalabu kifurushi cha siku humgharimu mtu zaidi, kwa kiasi kile kile, kuliko cha mwezi, na kilichosalia muda ukiisha hupotea. Kwa hiyo asiye na kitu ndiye alipaye zaidi. Lakini sisi wakulima wa karafuu tuna jambo ambalo kibarua wa mjini hana: fedha zetu huja kwa pamoja, msimuni. Mtu akitenga wakati huo fedha ya simu ya miezi sita, akaiweka mbali na mkono wake, atanunua cha mwezi kwa bei ya cha mwezi. Asiyetenga msimuni atakopa kiangazi.

Tena yafaa tuzijue haki zetu. Posta na simu ni mambo ya Muungano, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanzishwa mwaka 2003. Tangu Machi 2017 mtu aweza kuhama kampuni moja kwenda nyingine na namba yake ile ile, kwa hiyo hakuna aliyefungwa kamba na kampuni yoyote. Mwezi Aprili 2021 vifurushi vilipobadilishwa bei, watu walilalamika nchi nzima, na serikali ikaagiza mara moja bei mpya zisitishwe. Katika maelekezo ya wakati ule Mamlaka ilitaka mteja aarifiwe kifurushi kinapofikia asilimia 75 na kinapomalizika, na akinunua tena kile kile kabla ya muda kwisha, kilichosalia kisipotee. Liko pia Baraza la watumiaji, TCRA-CCC, ambalo kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya watu kama sisi. Mtu mmoja akinung'unika kibarazani hasikiki. Chama kikiandika barua, hujibiwa.

Baada ya hayo yote, shauri letu ni mambo matatu.

La kwanza, kila nyumba iandike gharama ya simu kwa miezi mitatu, vocha kwa vocha, kisha iihesabu kwa kilo za karafuu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Atakayeona kuwa kilo zile zamfaa, na aendelee, ni mali yake. Lakini ajue ni kilo ngapi.

La pili, kila tawi liwe na simu janja moja ya chama, yenye kifurushi cha mwezi kilicholipwa na tawi kutoka fedha za msimu, na daftari la kuandika nani ameitumia na kwa kazi gani. Utabiri, picha za miti, fomu na barua, yote yapitie hapo. Wengine waliobaki kitochi kitawatosha kwa maongezi na kwa fedha. Na tusiseme mwenye kitochi ni mshamba. Mwenye kitochi na mikarafuu yake isiyokodishwa ni tajiri kuliko mwenye simu ya kioo kikubwa na deni.

La tatu, mwanachama asikodishe mkarafuu hata mmoja kwa ajili ya simu. Akiwa na haja kweli, na aje kwanza kwa kamati ya tawi lake tushauriane. Huenda ikapatikana simu iliyokwisha tumika na bado ni nzima, huenda akakopeshwa na mfuko wa tawi pasipo riba, huenda akaona mwenyewe kuwa haja haikuwa kubwa hivyo. Mkarafuu uliopandwa na babu huzaa miaka mingi baada yake. Simu ya leo, miaka mitatu minne, na kioo kimepasuka.

Mambo haya tutayaleta mbele ya mkutano mkuu ujao, na tutaomba yapigiwe kura, hasa lile la pili, maana lagusa fedha za matawi. Kila mwanachama aje na hesabu yake ya miezi mitatu. Asiyekubaliana nasi asimame aseme, na akileta hesabu bora kuliko yetu tutaifuata. Na kina mama wasikae nyuma ya ukumbi. Wao ndio wachambuao makonyo hadi usiku wa manane, na wao ndio wajuao kilo moja ya karafuu ina jasho kiasi gani.

Wabillahi tawfiq.

Katibu